Kila Mgomba na Neno Lake

Baba yangu alikuwa akisoma mstari mmoja wiki nzima. Sisemi hivyo kumsifu, kwa sababu nyumbani tulimwona mzito tu. Mwinjilisti wetu alikuwa akikimaliza Kitabu chote, toka mwanzo hadi mwisho, kisha anaanza upya, na siku ya kumaliza aliitangaza kanisani. Baba alimpongeza kwa heshima zote. Tukiwa njiani kurudi akamwambia mama, "Yule bwana anakula vizuri. Sijui kama anaonja."

Yeye alionja. Vita vya pili vya wazungu vilikuwa vimekwisha, Mwingereza bado yuko bomani, na sisi tulikaa kijiji kimoja cha Muleba. Juu yetu ilikuwa rweya, ile nyika isiyolimwa ambako tulikata nyasi za kutandika ndani ya nyumba. Ukisimama pale asubuhi na mapema uliliona ziwa kwa mbali, likiwa bado halijaamua kama ni maji au ni mbingu. Chini yake kijiji kilijificha ndani ya migomba. Kwetu sisi Wahaya shamba haliko mbali na nyumba. Nyumba ndiyo iko ndani ya shamba. Kibanja chetu, yaani migomba na mibuni aliyoiacha babu, kilianza mlangoni kikatuzunguka pande zote, hata mwanga uliotufikia ulikuwa umepitia kwenye majani kwanza, ukaingia ndani ukiwa wa kijani. Nimeishi katika nyumba nyingi tangu hapo, zenye madirisha makubwa. Mwanga wake hunichosha.

Alfajiri baba alitoka na kigoda na Kitabu, akakaa penye upenyo kati ya migomba miwili. Alisoma mstari wake mara moja, kwa sauti, akafunga. Kisha akatia shavuni punje ya kahawa, ile ya kutafuna tunayoichemsha na majani yenye harufu na kumkaribishia mgeni, akachukua mundu na kuanza kukata majani makavu ya migomba. Hapo ndipo kusoma kwake kulipoanza. Alikwenda mgomba hadi mgomba akilirudia lile neno kwa chini, akiligeuza, akilinyamazia, akilirudia tena. Mimi, kitinda mimba wa nyumba ile, nilimfuata nyuma nikiwa nusu nimelala, umande ukinidondokea shingoni. Mara nyingi niliegemea mgomba usingizi ukanichukua, nikaamka nikidhani ni majani yaliyokuwa yakisema. Nilikuwa sijui tofauti ya kuomba na kuota, na sina hakika kama ninaijua sasa.

Siku moja nilimuuliza, "Tata, mbona husogei mbele?"

"Hili bado halijamaliza kazi," akasema. "Wewe ukipewa chakula, unakimbilia sahani ya jirani?"

Msidhani alikuwa mtakatifu wa kuchongwa. Msimu wa senene ulipofika, na wale wadudu watamu wa kukaanga wakatua kwenye majani usiku wa mvua, asubuhi Kitabu kilibaki ndani kimefunikwa kwa heshima. Baba alikuwa rweyani na kikapu pamoja na kijiji kizima, miguu imelowa, akicheka. Mama alipomkumbusha ibada alijibu kwamba Mungu ni mvumilivu, lakini senene jua likitoka wanaruka.

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mwanzoni alikisogeza Kitabu mbali, halafu karibu, halafu akakipeleka juani. Halafu akaanza kulaumu chapa, kwamba wazungu wamepunguza wino. Mama ndiye aliyesema wazi kwamba wino uko palepale.

Tulikwenda Bukoba, mimi nikiwa fimbo yake. Tulipanda lori la magunia ya kahawa, tukapita Kemondo, ambako boti za mizigo zilikuwa zimelala majini hazina haraka na mtu, tukafika mjini vumbi limetupaka kama unga. Kwenye duka la Mhindi mmoja mzee palikuwa na sanduku la miwani. Baba aliijaribu moja baada ya nyingine, na mimi nikamshikia ukurasa. Kila alipovaa mpya midomo ilijiandaa, kisha akaivua na kuikunja vizuri. Yule mzee alimwacha ajaribu mpaka ya mwisho. Ndipo akamletea chai, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mzee wangu, mimi nauza vioo tu. Shida yako iko ndani zaidi." Na daktari wa serikali aliyemwangalia kesho yake alisema hivyohivyo kwa maneno marefu.

Tulipokaribia nyumbani baba aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Sasa mimi nitakutana naye wapi?" Sikuhitaji kuuliza anamsema nani. Mtu mwingine akipofuka huogopa kuanguka, au kuongozwa kama mtoto. Baba aliogopa jambo moja tu, kwamba mlango aliouzoea umefungwa na huko upande wa pili kuna Mtu anayemngoja.

Basi nikawa macho yake. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni pale kijijini na Kiswahili changu kilikuwa safi cha darasani. Kitabu chetu kilikuwa cha Kiswahili, na Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kanisani na ya bomani, aliyoiheshimu lakini hakulala nayo. Kwa hiyo tulipanga hivi: nisome kwanza kama kilivyoandikwa, halafu nikiseme tena kwa Kihaya, kwa maneno yangu, kana kwamba nampa mama habari za sokoni. Akisikia nimekisema kama kasuku alinirudisha. "Hujaelewa bado. Kipike tena." Siku nyingine tulipika nusu mstari mpaka jua likawa juu, na mama akaja kuuliza kama nyumba hii ina watu wa kuchota maji.

Zilikuwa asubuhi njema. Nikizikumbuka hazina tarehe. Zimeungana zikawa asubuhi moja ndefu yenye ukungu, mkono wake uko begani mwangu, sauti yangu inakwenda mbele na yake inafuata. Nilifurahi. Niliona fahari pia, sitaficha. Wenzangu walichunga mbuzi, na mimi nilimchunga baba kwenda kwa Mungu.

Ndipo nikachaguliwa kwenda shule ya wasichana ya bweni, upande wa Bukoba. Wasichana wa kijiji chetu waliopata nafasi hiyo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vilibaki. Mwinjilisti alileta habari yeye mwenyewe, akakaribishwa kahawa, akala ndizi, akaondoka. Kaka zangu walikuwa wamekwenda Uganda kutafuta kazi, dada yangu ameolewa mbali, mama hajui kusoma. Wote watatu tulijua swali lililokuwa limekaa katikati yetu juu ya nyasi.

"Atakwenda," akasema baba. "Mgomba haushindwi na mkungu wake."

Kesho yake alfajiri alinieleza mpango. Macho yamekwenda, lakini kibanja anakijua kwa mikono na miguu. Kila mgomba una habari zake: nani aliupanda, unazaa ndizi gani, umeinamia wapi. Basi kabla sijaondoka tutaweka neno kwenye kila mgomba. Nitasoma, nitapika kwa Kihaya, yeye atashika shina na kulirudia mpaka likae. Nikishaondoka atakuwa akitoka asubuhi na kukuta kila neno limesimama mahali pake.

Tukaanza. Habari za mti uliopandwa kando ya maji tuliziweka kwenye mgomba wa karibu na mfereji, hilo halikuhitaji akili. Ahadi tulizipa ndizi tamu za kuiva, maonyo makali yakaenda kwenye ndizi za pombe. Maombolezo ya nabii baba aliyapeleka kwenye mgomba wa nyuma ya choo, akasema huko mtu huomboleza bila kuambiwa. Kwenye mgomba wa kando ya kaburi la babu, ambalo kama makaburi yetu yote liko palepale kibanjani, aliweka neno la ufufuo, akaufuta ule mgomba kwa kiganja, taratibu, kama anayemfuta mtu jasho. Asubuhi zikapita hivyo. Nilipotembea peke yangu mchana nilisikia kibanja kizima kikinong'ona, na niliogopa kukanyaga kwa nguvu.

Kosa letu lilikuwa la watu waliozaliwa chini ya migomba na kusahau tabia ya mgomba. Asubuhi moja baba alinyoosha mkono kushika shina la mchungaji na kondoo wake mmoja aliyepotea, akashika hewa. Akainama, akapapasa, akakuta kisiki kinachotoa maji.

"Nani amekata huu?"

Mama alikuwa jikoni. "Mimi. Mkungu ulikuwa umekomaa."

"Umemkata mchungaji."

"Na wewe umemla jana mchana," mama akajibu, "ukaomba uongezewe."

Tulicheka mpaka baba akakaa chini. Lakini alipomaliza kucheka alipapasa kando ya kisiki, akakuta mtoto wa mgomba anachungulia, akasema hakuna neno, mtoto atarithi. Toka siku hiyo mama alikuwa akiuliza kabla ya kukata. "Huu nao ni nani?" Akiambiwa ni onyo, alikata kwa furaha.

Siku za mwisho za mwaka upepo ulikuja kutoka ziwani. Kwanza hewa ilisimama na kuku wakaingia ndani bila kufukuzwa. Halafu ikasikika sauti juu ya rweya, ikashuka. Sisi tulikuwa ndani, tumejikunyata, mama ananishika na mimi namshika baba, na nje tukasikia migomba ikianguka, mmoja mmoja, kishindo kizito kilicholowa, kisha mingi pamoja. Wahenga walisema walilosema juu ya mgomba na mkungu wake. Mchana ule upepo haukuwasikiliza. Iliyobeba mikungu ndiyo iliyotangulia.

Ulipotulia tulitoka. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona mbingu nikiwa mlangoni kwetu. Kibanja kilikuwa kimelala, majani yamechanika, mwanga mweupe umejaa kila mahali. Baba alisimama, uso umeinuliwa; nadhani aliuona ule mweupe, au aliuhisi kwenye ngozi. Akaanza kwenda. Alikwenda mgomba hadi mgomba kwa mikono, kama kila asubuhi, na kila alipofika alikuta umelala, akaugusa, akaupita. Michache iliyobaki ilisimama hapa na pale, na hata hiyo hakuijua tena, kwa sababu alikuwa akiijua kwa majirani zake. Pale kaburini alikaa muda mrefu.

Usiku ule niliamua. Sikumwuliza mtu. Nilikunja sare niliyoshonewa, nikaiweka chini ya sanduku, nikajiambia kwamba shule zipo siku zote lakini baba ni mmoja. Nilijisikia mwema, na wema ule ulinipa usingizi mzuri.

Asubuhi nilimletea Kitabu kama zamani. Akainua mkono. "Acha kwanza." Siku ya pili akainua mkono vilevile. Alikaa nje kwenye shina lililoanguka, mikono magotini, mundu haugusi, punje ya kahawa haipo shavuni. Majirani walikuja kutupa pole na kusaidia kusafisha, aliwaitikia vizuri, wakaondoka wakimnong'oneza mama amwangalie sana mzee. Mama alimwangalia. Mimi nilimwangalia zaidi. Nilidhani ninamwona mtu anayekufa akiwa ameketi.

Asubuhi iliyofuata sikungoja. Nilikaa karibu naye, nikafungua Kitabu nikaanza kusoma, na alipoinua mkono sikuacha. Akauteremsha juu ya ukurasa, akaufunika.

"Tata, shule siendi," nikasema. "Nimeamua. Tutaanza upya, machipukizi yapo. Nitakusomea mpaka yakue."

Ukungu ulikuwa haujui pa kushika siku zile, ukitambaa chini juu ya majani yaliyokufa.

"Sikia, mwanangu. Nina neno, na si zuri kulisikia." Akatafuta bega langu, akalipata. "Tangu uanze kunisomea, simsikii Mungu."

Nikadhani ni ugonjwa unaosema.

"Nakusikia wewe," akaendelea. "Ukisoma habari za mchungaji, nasikia una mafua. Ukisoma hukumu, nasikia umekua, sauti imeanza kufanana na ya marehemu mama yangu. Neno linapita, wewe unabaki, na mimi nakaa hapo nimefurahi, nikidhani nimesali. Nikaona nikiyaweka maneno kwenye migomba nitampata tena. Lakini kila mgomba nilioushika ulisema kwa sauti yako. Upepo ulipoangusha yote nilikaa hapa nikingoja kuogopa. Nimengoja siku zote hizi. Woga haujaja. Ni kimya tu, na ndani ya kile kimya kuna Mtu, karibu kama ulivyo wewe. Sitaki kusema sana, asije akaondoka."

"Kwa hiyo hunihitaji."

"Nakuhitaji mno, waitu, mwanangu. Ndiyo maana nakuambia uende."

Nilikasirika. Nilikasirika kiasi kwamba sikumwaga chozi hata moja mbele yake, nikaenda kumalizia nyuma ya nyumba. Siku zote nilijiona nguzo ya baba, kumbe nilikuwa mtu aliyesimama mlangoni akiziba mwanga. Hakuna binti anayependa kuambiwa hivyo, hata kama aliyeichukua nafasi yake ni Mungu. Nilitoa sare chini ya sanduku nikaipiga pasi kwa hasira mpaka mama akaniambia nguo haina kosa.

Shuleni tulifundishwa kukaa kimya kila asubuhi na Maandiko, robo saa, migongo imenyooka. Wenzangu walifumba macho na nyuso zao zikang'aa. Mimi nilifungua ukurasa, na kabla sijafika mwisho wa mstari nilimsikia baba akilirudia kwa chini, akiligeuza, akiniambia hujaelewa bado, kipike tena. Nilimwomba Mungu amwondoe, kama baba alivyoniondoa mimi. Hakuondoka. Muhula mzima niliamini kwamba mimi nitakuwa mtu asiyemfikia Mungu, kwa sababu ya sauti moja ya mzee kipofu wa Muleba. Sikumwambia mtu. Ningeanzaje.

Likizo ilipofika niliteremka lori barabarani nikashuka kwa miguu, viatu mkononi visichafuke. Njia nzima nilikuwa nikipanga nitakavyomsalimu. Kusema kweli nilikuwa na tumaini baya: kwamba nitamkuta amepotea, kimya kile kimemtoroka, ananingoja nimfungulie Kitabu. Ningemsamehe. Ningekaa palepale kigodani, na safari hii nisingeambiwa niende.

Machipukizi yalikuwa yamefika kiunoni na majani yake yameanza kukutana. Mwanga ulikuwa umeanza kurudi kwenye rangi yake. Baba alikuwa amekaa katikati yao, mgongo umeegemea hewa, uso umeinama kidogo upande mmoja, kama mtu anayeambiwa kitu na rafiki aliyekaa karibu. Midomo haikutikisika. Nilipiga magoti hatua chache kutoka kwake, kama binti anavyomsalimu baba yake, nikavunja kijiti kikavu chini ya goti.

Tangu apofuke hapakuwa na panya aliyepita nyumbani kwetu baba asijue. Alitambua kila mtu kwa hatua akiwa bado njiani, na mimi alinitambua kwa pumzi. Nilibaki pale nimepiga magoti, salamu imejaa mdomoni. Nilikohoa kidogo. Hakugeuka.

Hakunisikia.

Nilimwonea Mungu wivu, na niliona raha ambayo sijawahi kuipata tena, vyote kwa pamoja. Nilimeza ile salamu. Nikainuka nikarudi nyuma polepole, nikiangalia nisikanyage majani makavu, nikazunguka nyumba na kuingia jikoni. Mama aliniona akafungua mdomo kuniita, nikaweka kidole midomoni, nikachukua kisu, tukakaa tunamenya ndizi bila kusema.